Chini ya Meza ya Mama

Kitinda mimba wetu, ambaye hospitali ilikwisha kumrudisha nyumbani kwa upole uliozidi kiasi, alitaka kitu kimoja tu: picha ya mahali ilipokuwa meza ya mama ya kuparia samaki. Hakutaka uji wala maombi ya sauti kubwa. Alitaka picha, na aliitaka siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mjukuu wangu alituendesha, mimi na mdogo wangu wa kike, hadi ufukwe tuliokulia. Baridi ilikuwa ya kutia ganzi. Kijiji cha wavuvi hakikuwapo tena. Palikuwa na hoteli, na mbele yake mashua iliyopakwa rangi na kupandwa maua.

"Imependeza," alisema mjukuu.

"Imejaa udongo," nilimjibu.

Mdogo wangu alisema meza ilikuwa karibu na maji. Mimi nilisema ilikuwa juu zaidi. Tulibishana kwa adabu, kisha bila adabu.

"Dada, wewe tangu utotoni unajua kila kitu."

"Si kila kitu. Mahali pa meza tu."

Mjukuu alipiga picha ya pale niliposimama, akaituma. Simu ikalia papo hapo.

"Hiyo ni bahari," alisema kitinda mimba kwa sauti nyembamba.

"Na ulitarajia nini?"

"Hapo sipajui, dada. Tafuteni vizuri. Mimi sina muda wa kuwasubiri."

Alizikataa picha zote zilizofuata. Hatimaye upepo ulimtupia mdogo wangu mtandio usoni, naye akageuka kuipa bahari mgongo. Alisugua viganja vyake kwa baridi, kisha mikono ikasita, ikaanza kupara samaki asiyekuwapo.

"Dada," alisema, "mama alisimama hivi."

Niligeuka na mimi. Ilikuwa kweli. Wapara samaki wote waliupa upepo mgongo, magamba yasije yakawarukia machoni. Bahari tuliisikia tu. Tulichokitazama miaka yote ni mlima uliokatika kilele kama jino bovu, nao ulikuwa bado umekaa palepale nyuma ya hoteli, hakuna aliyeuuliza kama unataka kuhama.

Tulitembea kinyumenyume hadi jino lile la mlima lilipoonekana limekaa juu ya mwamba mweusi wa ufukweni, kama tulivyoliona zamani. Tukajikuta kwenye mnyororo wa maegesho ya magari ya hoteli.

"Mama zangu, hapa ni pa wageni tu," alisema mlinzi.

"Zamani tungebisha," nilimwambia. "Leo sisi ni wageni."

Alitafakari jambo hilo, akatuondolea mnyororo.

Picha ilitumwa. Simu ikalia.

"Mlima ndio huo. Lakini shusheni simu. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza, nikijikinga na upepo. Mmesahau?"

Mjukuu wangu alilitazama koti lake jipya, akanitazama mimi. Akalala kifudifudi juu ya saruji baridi, sisi tukasimama mbele yake tulivyosimama zamani, kila mmoja upande wake wa meza.

Safari hii simu ilichelewa kulia. Mdogo wangu alianza kusugua viganja tena.

"Ndipo hapo," alisema kitinda mimba. "Hiyo miguu ni yenu?"

"Ni yetu."

"Imezeeka. Mwambie dada mdogo asogeze wa kushoto. Ananiziba mlima, kama kawaida yake."

Mdogo wangu akausogeza.