Samli Ndani ya Mtutu

Mwaka themanini na tatu mafuta ya kulainishia bunduki yaliadimika Musoma nzima, sawa na sabuni na viberiti, kwa hiyo Rashidi, fundi wa bunduki na visu wa mtaa wa Mukendo, alipaka chochote kilichoteleza. Wiki hiyo alitumia mafuta ya sangara, na visu vyote vya bucha vikanuka ziwa. Petronila Nyangi alipofika kutoka upande wa Butiama na kopo la samli, akitaka kubadilishana na panga, fundi alilipokea kwa mikono miwili.

Lilikuwa kopo lake la mwisho. Ng'ombe wake sita walikuwa wameibwa Alhamisi iliyopita, na tangu hapo watoto wake wanne walikunywa uji mtupu.

Mezani palikuwa na bunduki ya Matiko, kamanda wa mgambo wa kijijini kwao Nyangi, iliyotakiwa kung'aa kabla ya ukaguzi. Rashidi alichovya kitambaa kwenye samli, akakifunga kwenye ufito, akausukuma ndani ya mtutu. Mara ya tatu bunduki ikalia sauti ya ng'ombe. Rashidi akapunguza samli kidogo.

"Huyo ni Madoa," alisema Nyangi akisimama. "Analiaga hivyo maziwa yakimjaa."

"Chuma kikipakwa samli kinasema kilichochukua, mama. Mafuta ya dukani yananyamazaga."

Nyangi akaita Kipara, bunduki ikaitika. Akaita Mrembo, ikaitika kwa sauti nyembamba ya Mrembo. Wote sita walikuwemo! Furaha ilimpanda mpaka akapiga vigelegele katikati ya barabara, na wanunuzi wa dagaa wakaacha mizani kuja kusikiliza.

"Siku za mwizi arobaini," alisema Mwanaupe, muuza dagaa. "Huyu hata nane hakufikisha!"

Matiko alipokuja kuchukua silaha yake aliivuta komeo mara mbili. "Imelainika vizuri," alisema.

Walipanda lori moja kurudi kijijini, Nyangi akiimba, bunduki ikiitikia kwenye kila shimo. Kichwani alikwisha kurudisha zizi, alikwisha kumwaga maziwa kwenye vikombe vinne. Walishukia mlangoni kwa katibu wa kijiji, mzee Stanislausi, aliyesikiliza sauti zote na kuzihesabu kwa kalamu.

"Ni sita, kweli," alisema. "Ila bunduki ni mali ya serikali. Kilichomo ndani ya mali ya serikali ni cha serikali, mpaka barua itoke juu."

"Na aliyewaingiza humo?"

"Hilo nalo linasubiri barua."

Maziwa yakaanza kudondoka kutoka mtutuni. Katibu akasogeza faili.

"Kukamua hatukatazi, mama. Nusu itabaki hapa, kwa chai ya ofisi."

Basi kila asubuhi Nyangi alifika na kibuyu, akachutama mbele ya bunduki, akakamua. Matiko alishikilia kitako isitikisike, akimwambia taratibu, mama, Kipara ana hasira. Nusu yake iliwatosha watoto. Baada ya mwezi sauti zilianza kukauka, Mrembo akawa anakoroma tu, na Nyangi akashikwa na hofu. Alitikisa maziwa kwenye kibuyu, akapika samli, akaipaka bunduki mwenyewe, mtutu mpaka kifyatulio, kwa kidole. Sauti zikarudi. Tangu siku hiyo hapakuwa na bunduki laini kama ile wilaya nzima.

Masika yalipoanza Matiko alitoka nayo siku mbili. Haikukwama hata mara moja, alisema aliporudi, na akamshukuru Nyangi kwa mkono.

Nyangi akachutama, akaita majina, akahesabu. Sauti zilikuwa tisa. Aligeuka. Nyuma yake alisimama jirani yake Justina, ameshika kibuyu kipya, akisubiri zamu.