Karatasi ya Kiingereza

Mama yangu hakunihurumia hata kidogo aliponibatiza Zephaniah. Herufi tisa! Mdogo wangu akaitwa Eli, shida zake zikaisha mapema. Mimi hadi leo nikiandika jina langu, herufi zinabadilishana viti bila kuniuliza.

Desemba ya 1994 nilikuwa nasomea umeme katika chuo kidogo cha ufundi jijini Kigali, bondeni Kimisagara. Madawati mengi yalikuwa matupu, na hakuna aliyeuliza wenyewe wako wapi. Tuliokuwepo, wengi tulikuwa wageni wa juzi: mimi nimekulia Uganda, wengine Burundi, wengine Zaire. Mwalimu wetu, mzee Gratien, alifundisha kwa Kifaransa. Anajaza ubao mzima, anafuta, anajaza tena. Wenzangu wananakili mpaka vidole vinauma. Mimi nachora nyaya.

"Wewe Mganda, mbona huandiki?"

"Mwalimu, Kifaransa kinanishinda."

Kilinishinda kweli. Ila na Kiingereza kilinishinda, na Kiswahili, na Kinyarwanda, vyote vikiwa kwenye karatasi. Kuongea naongea sana, muulize yeyote. Herufi ndizo hazitulii nikizitazama. Kampala walinichapa kwa ajili hiyo wakachoka wao. Kigali, kwa mara ya kwanza maishani, nikapata kisingizio ambacho kila mtu alikikubali. Nilistarehe, jamani!

Kila mchana Médiatrice, msichana wa Bujumbura niliyekaa naye dawati moja, alinisomea daftari lake na kunieleza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyotukaa vizuri sote wawili. Akisema mara moja, linabaki kichwani. Nipe soketi iliyoungua, nipe mita, mikono yangu inajua. Na Mwalimu alishaahidi kwamba mtihani wa mwisho, wasiojua Kifaransa atawauliza kwa mdomo. Nilikuwa peke yangu katika kundi hilo. Atakayefeli anaondoka, hakuna kurudia. Kule nyumbani, mtaa wa Kabeza, mama alishawatangazia majirani kwamba mwanawe ndiye atakayewawashia taa mtaa mzima.

Wiki moja kabla ya mtihani, Médiatrice akanijia mbio.

"Zefu, nimekuombea kwa Mwalimu! Iko anatafsiri mtihani kwa Kiingereza, kwa ajili yako peke yako. Mambo ya kuulizwa mdomoni yameisha. Utaandika kama watu!"

Nilitamani kumnyonga. "Nani alikutuma?"

"Ehe! Hiyo ndiyo asante yangu?"

Ningemwambia nini? Kwamba alikuwa akimsomea mtu asiyejua kusoma, naye anadhani tatizo ni Kifaransa? Nikacheka, nikasema asante sana dada. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilifikiria kuugua, nikafikiria kurudi Kampala. Lakini ningemwambia nini mama?

Siku ikafika. Mwalimu alikuwa na desturi ya kufunga mlango kwa ufunguo mtihani ukianza, na ufunguo anautia kwenye koti. Akagawa karatasi za wenzangu. Yangu akaileta mwisho, kwa mikono miwili, imeandikwa kwa mkono wake.

"Siku nne mimi na kamusi," akasema. "Usiniaibishe."

Nikaitazama. Nikaigeuza. Nikatazama dirisha: nondo sita. Nikazihesabu tena, bado sita. Kalamu za wenzangu zinakwaruza, Médiatrice ananitupia tabasamu, na mimi narudi kwenye nondo. Saa nzima ikapita hivyo.

Mwalimu akaja, akaona karatasi tupu. Nilijiandaa kwa kelele. Badala yake akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kiingereza changu ni kibaya, ee?"

Masikini mzee wa watu, aliona haya! Na hapo nikaona mlango uko wazi. Niseme tu ndiyo, Mwalimu, sielewi kitu. Angeichana karatasi, angeniuliza kwa mdomo, ningejibu yote. Neno moja tu. Nilifungua mdomo nilitoe, nikaona kidole chake kikubwa kina wino wa siku nne.

"Nadhani ni kizuri, Mwalimu," nikasema. "Mimi ndiye sijui kusoma."

Kalamu zikasimama darasa zima.

"Lugha gani?"

"Zote."

Akanivuta kwa mkono, akafungua mlango, akaniingiza stoo ya vifaa vya umeme. Moyo ukaniambia, kwisha habari yako. Akaketi juu ya kreti.

"Miezi mitatu nakuita mvivu," akasema kwa hasira, sijui hasira kwa nani. "Kumbe! Swali la kwanza. Fyuzi inaungua kwa nini?"

Akasoma, nikajibu, akaandika yale niliyosema, hata makosa yangu. Yote kumi na mawili.

"Mkuu wa chuo anaweza kulikataa hili," akasema. "Sikuahidi kitu. Na jina lazima uandike mwenyewe. Sitaki waseme nimekubuni."

Nikashika kalamu. Z. E. Nikakwama. Nikakata, nikaanza upya, nikakwama palepale. Nje wenzangu walikuwa wanatoka, nilisikia viti.

"Ni refu, Mwalimu. Nitakuchelewesha."

Alivua saa yake mkononi, akaitia mfukoni, akangoja.