Chini ya Siti ya Nyuma

...basi si pampu ya mafuta, au si pampu peke yake, kwa sababu pampu inayokufa hulia kwanza, huvuma kama nyuki ndani ya kopo, na gari hili halikulia, limezimika tu mbele ya gereji ya Ismaili kama mtu aliyezibwa mdomo, na mwenyewe Mustafa, dereva wa abiria wa njia ya Kilambo, akashuka anapiga bodi kwa kiganja, fundi wangu kasafiri, Ismaili, nisaidie wewe, pampu mpya ninayo humu, na geji yake na boya lake la kupimia mafuta, kamili, wewe ni kufunga tu... kufunga tu, anasema, kama anayeagiza chai, na Ismaili angekataaje, gereji iko barabarani na gari liko mlangoni, wamelisukuma wakaliingiza, na sasa yuko ndani yake, amepiga magoti mahali pa miguu ya abiria, siti ya nyuma ameing'oa ameiegemeza nje, jasho linamchuruzika hadi kwenye kope, na chini ya siti ni yale ya siku zote, mchanga, maganda ya karanga, sarafu ya Msumbiji, kibanio cha nywele, watu huacha vitu vyao kwenye magari ya watu wakaenda zao wala wasikumbuke.

"Itachukua muda, fundi?" Mustafa anauliza. Amesimama kwenye mlango ulio wazi, ufunguo anauzungusha kidoleni.

"Si sana, bosi."

Bosi... tangu lini Mustafa amekuwa bosi wake, walikuwa wanaitana majina, ila tangu ule msiba usio na maiti ulimi wa Ismaili unakataa kulitamka jina lile, hajui kwa nini, mtu hakumkosea kitu, tena alikuja hadi nyumbani Mahurunga na kilo zake za sukari, akavua viatu, akakaa mkekani na mama, Bi Fatuma, mama aliyekuwa haongei tena Kiswahili siku hizo, Kimakonde kitupu, anamwita binti yake kama anayeita mbuzi aliyepotelea porini, na Mustafa akamshika mkono akasema, laiti Mwanaisha angepanda gari langu, mama yangu, angefika. Angefika. Watu wakatikisa vichwa, wakamwona muungwana. Mwanaisha, mdogo wake Ismaili, alitoka baada ya Idi na mzigo wa vitenge, anakwenda Kilambo avuke mto auze ng'ambo, Msumbiji, kama alivyozoea, na ng'ambo hakufika, na wa ng'ambo hawakumwona, na kila mtu akapata cha kulaumu, huyu mto, huyu mamba, huyu vurugu za upande wa pili, ikabidi yeye kaka mtu akubali, akubali nini hasa, haambiwi, akubali tu.

"Anold!" anaita. Upande wa pili wa ukuta wa mabati kijana wake Anold anachomelea geti la mtu, cheche zinaruka. "Zima hiyo, bwana, nafungua tangi!"

"Nimezima, kaka!"

Kimya kinashuka na joto lake. Afadhali. "Hivi bosi, linazimia wapi hasa?" anauliza, kwa sababu fundi lazima aulize, na kwa sababu kimya hakipendi.

"Kwenye mashimo. Likiruka tu, geji inaanguka hadi chini kama tangi halina kitu, halafu linazima. Ukikaa kidogo linawaka."

"Siku nyingi?"

"Ah, mbona nyingi. Toka... baada ya Idi hivi."

Baada ya Idi hivi, na Ismaili anaendelea kubandua kapeti, vitu vingi huharibika baada ya Idi, mashine ya kusaga pale jirani iliharibika baada ya Idi, si neno, anabandua kapeti na hapa ndipo penyewe, kifuniko cha bati, na juu yake soketi inayopeleka umeme kwenye pampu na kurudisha hesabu ya mafuta kwenye geji, na soketi imefungwa kwa uzi wa nyavu, mtu wa njiani huko aliifunga, kwa sababu kile kidole cha plastiki kinachoishikilia kimevunjika, anakitazama kwa karibu, hakikuvunjika kwa uzee, cha uzee huvunjika kwa kumeguka, hiki kimevutwa, kimevutwa kwa pupa na mtu asiyejua kwamba unakibonyeza kwanza, au anayejua lakini hana nafasi, kwa hiyo maradhi ndiyo haya, likiruka soketi inaachia, pampu mpya ya nini, angeweza kumwambia sasa hivi akaokoa kazi, lakini mkono bado unavuta kapeti, unaivuta kuelekea pembeni mlangoni, mbali kuliko fundi yeyote anavyohitaji, na huko chini kidole kinagusa kitu cha baridi.

Bomba la breki. Kipande cha bomba la breki, la shaba, kimekunjwa duara, ncha mbili Ismaili mwenyewe alizitanua kwa mashine yake kama anayeandaa bomba la gari, zikawa kama maua mawili madogo yanayotazamana, hakuna duka duniani linalouza bangili hii, aliitengeneza pale kwenye meza yenye jiriwa siku Mwanaisha alipomaliza kidato cha nne na kaka hakuwa na zawadi, akacheka, akasema kaka umenivisha breki, na hakuivua tena peke yake, haikuvulika, kila alipotaka kuitoa alimjia na mkono wake, nipanulie na plaizi. Sasa imepanuka. Midomo imeachana kabisa, shaba imekwaruzika, mtu ameipanua bila plaizi, kwa kitu gani, kwa meno, kwa chuma cha siti, kwa haraka... na si kwamba imeanguka, kitu kilichoanguka hubaki kwenye mchanga na sarafu, hii ilikuwa chini ya kapeti, imesukumwa, imesukumwa hadi mwisho wa vidole.

"Umepata nini?"

"Ganda la korosho," anasema, na bangili imeshaingia ndani ya ovaroli, kifuani, na ya baridi imekuwa ya moto.

Pumua. Mikono iendelee. Anafungua skurubu za kifuniko, moja, nyingine, mtu anatazama... Mwanaisha alikuwa anamletea chakula hapa, anakaa mlangoni, anamshikia kurunzi, anauliza kila kitu, na hii? na hii je? na siku moja gari likiwa linanguruma alinyoosha mkono chini ya siti akauliza, nikichomoa hii linakufa, eh? Linakufa, akamwambia. Akachomoa. Likafa. Alicheka mpaka machozi, gari zima hilo, kaka, na roho yake iko chini ya makalio ya abiria! Basi alipanda gari hili. Alikaa hapa, hapa hapa alipopiga magoti yeye, na mahali fulani kati ya mikorosho akajua kwamba safari imegeuka, njia siyo, au mlango haufunguki, au maneno ya dereva yamebadilika, akaingiza mkono chini ya siti akatafuta roho ya gari na kuivuta, na gari likazima, lazima lilizima... likazima wapi? Huko hakuna nyumba. Likazima, na kimya kikawa kama hiki, na dereva akashuka, akazunguka, akaja kufungua mlango wa nyuma... hapo akili ya Ismaili inagoma, inarudi nyuma, inakuja tena, inagoma. Nafasi ya kupanua bangili aliipata, nafasi ya kuisukuma chini ya kapeti aliipata. Alijua ni mkono wa nani peke yake ungeitambua.

"Fanya haraka basi, fundi, nina abiria." Mustafa anaonyesha ng'ambo ya barabara kwa kidevu. "Yule dada pale. Yuko peke yake leo, anataka kuvuka kabla ya jioni."

Ismaili anainua macho kupitia kioo. Kwa mama lishe kuna msichana, begi mapajani, anakunywa soda taratibu, mara anatazama gari, mara simu. Ana mtu nyumbani anayejua kapanda gari gani? Anaijua soketi?

Bati limetoka. Harufu ya petroli inapanda nzito, inamlewesha, na pete kubwa inayoishikilia pampu imeganda, haigongwi kwa chuma hii, chuma hutoa cheche, anachukua kipande cha mti na nyundo, na wazo linakuja taratibu kama mgeni anayejua njia, patasi iko hapo, ya chuma, na tangi li wazi, na mtu mwenyewe kaegemea mlango, pigo moja tu na wote wawili wangekwisha kabla ya kusikia chochote... mkono unaielekea patasi. Unaigusa. Halafu anamwona mama mkekani, anaambiwa habari ya pili, na tena hakuna wa kumweleza, gari limekuwa jivu na ukweli umekuwa jivu ndani yake, na huyu atazikwa kama muungwana, watu wakitikisa vichwa. La. Moto ungemsaidia Mustafa. Anaisukuma patasi mbali kwa kiganja, anagonga pete kwa mti, inalia, inasogea, inazunguka, anainyanyua pampu polepole akiilaza ili boya lipite bila kukwama, na imetoka, nzima, inachuruzika mkononi mwake, na hapo ndipo anapoelewa alichokishika. Hiki kikiwa kwake gari haliendi Kilambo. Haliendi kokote. Miezi yote hii amekuwa akiomba aambiwe Mwanaisha yuko hai, kila swala, na sasa ombi lile limekufa bila yeye kulililia, na mahali pake pamekuja kitu kikavu, kimetulia, kinachojua la kufanya.

"Anold!"

"Naam, kaka!"

"Funga geti na mnyororo. Kisha mvukie yule dada pale kwa mama lishe, mwambie atafute gari lingine. Uite na watu wa pale, waje wote."

Mnyororo unasikika.

"Vipi tena, fundi?" Ufunguo umeacha kuzunguka.

Ismaili hainuki. Amepiga magoti vile vile, pampu kifuani, petroli inamlowesha ovaroli, na anashangaa sauti yake inavyotoka nyepesi, kama anayeuliza bei ya kitu.

"Mustafa," anasema, "Mwanaisha ulimshusha wapi?"