Jumapili Tunakwenda Chicago

Kila Jumapili, misa ikiisha, wanawake wa Kikongo wa Durban walikuwa wanakwenda Chicago. Walikwenda bila viza na bila kuvua viatu vya kanisani, maana safari yenyewe ilianza na kuishia ndani ya saluni ya Élisabeth, kwenye mteremko wa Berea, mbele ya televisheni aliyoiunganisha na simu yake. Upande wa pili wa simu alikuwa mumewe, Josias. Durban alasiri, Chicago bado asubuhi, Josias anatembea na kuwaonyesha mji.

Safari ya kwanza aliwapeleka kwenye haragwe. Ndiyo, haragwe: dude la chuma kubwa kuliko nyumba, linang'aa kama kioo, na watu wa dunia nzima wanakwenda kujitazama humo. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Grâce, msusi mwenzake Élisabeth, alisema watu wa huko wameshiba, ndiyo maana haragwe wanalipiga picha badala ya kulipika. Élisabeth alicheka kuliko wote. Tangu siku ile wakaanza kumwita Mama Chicago, na kichwa kikamvimba.

Haikupaswa iwe hivyo. Josias hakwenda Amerika kutalii. Kule kwao Uvira, Kongo, alisimama mahakamani akaeleza, kwa majina, jinsi kamanda mmoja na watu wake walivyochoma soko na wachuuzi wakiwa ndani. Kamanda alifungwa, watu wake hawakufungwa. Walimfuata Josias mpaka Durban, wakamkosa kidogo tu, na hapo ndipo shirika la wakimbizi likamsafirisha haraka, kabla faili la mkewe na mtoto wao Israël halijapita. Waliomsafirisha walimpa onyo moja: asimwambie mtu yuko mji gani.

Sasa mwambie mwanamke aliyeachwa peke yake afiche jambo pekee linalomfurahisha. Élisabeth alijitahidi, halafu upweke ukamshinda. Alimwambia Grâce tu, na mdomo wa Grâce hauna mlango. Kufumba na kufumbua saluni ikajaa. Ikawa desturi: wanawake wanachagua kwa kelele mahali pa kwenda wiki ijayo, na Élisabeth anapaweka kwenye status yake ya WhatsApp, na kimoyo chekundu pembeni. "Jumapili: lile gurudumu la gatini. Karibuni wote." Nani alikuwa anaisoma, hakujiuliza. Msusi ana namba za simu za nusu ya mji.

Kwenye gurudumu hilo, kubwa kama ghorofa na la kupandisha watu angani kando ya ziwa, ndipo Élisabeth alipomwona mtu mmoja. Josias alikuwa ameielekeza simu usoni mwake, anaeleza jinsi vile vibanda vya kioo vinavyopanda mpaka ziwa lote linaonekana, na nyuma ya bega lake alisimama mwanamume mnene mwenye kofia ya kijani. Watu wote pale walitazama juu. Yeye alimtazama Josias. Élisabeth alijiambia ni mtalii kama watalii wengine, akaendelea kugawa soda.

Jumapili iliyofuata Josias aliwapandisha kwenye ghorofa refu lenye vyumba vya kioo vilivyotokeza nje, unasimama ukaona magari chini ya nyayo zako. Wanawake walifunika macho na kumwita Yesu. Élisabeth hakutazama magari. Alitazama mlango wa lifti, na kofia ya kijani ilikuwa inatoka taratibu, haina haraka na mtu.

Aliitenganisha simu na televisheni, akaingia nayo chumba cha kuoshea nywele na kufunga mlango.

"Baba Israël, iko mutu nyuma yako. Kofia ya kijani. Hata kwa gurudumu alikuwa."

"Amerika iko na kofia mingi, Mama Israël. Utaziogopa zote?"

Hata hivyo aligeuka. Aliporudi kwenye simu kicheko kilikuwa kimemwisha. Alisema uso ule haujui, lakini mtu mwenyewe amemtazama bila kupepesa macho, kisha akajichanganya na watu. Alisema atarudi nyumbani kwa kuzunguka.

Élisabeth alikaa juu ya kiti cha kuoshea, akafikiri. Mtu hawezi kukutana na Josias mara mbili katika mji mkubwa namna ile, ila kama ameambiwa mahali na siku. Na aliyekuwa akiitangaza siku ni yeye mwenyewe, na kimoyo chekundu. Alipofungua mlango wanawake walikuwa wanabishana kuhusu wiki ijayo, wengine wakitaka chemchemi kubwa, wengine wakitaka lile jumba la kutazamia samaki hai. Aliwatazama mmoja mmoja. Vichwa hivi vyote alikuwa amevisuka. Mmoja wao, au mume wa mmoja wao, au shemeji tu, alikuwa anayabeba maneno yake mpaka kule. Alishikwa na hasira, kisha aibu, na aibu ndiyo iliyomchoma zaidi.

Wiki ile yeye na Josias walizungumza kila siku. Élisabeth alitaka polisi. Josias alisema polisi watauliza huyo mtu amefanya nini, na kusimama si kosa. Angalau wapate picha ya uso wake, wapeleke. Basi wakapanga. Élisabeth angetangaza kwamba wanarudi kwenye gurudumu. Josias angejifungia nyumbani. Peguy, dereva anayesali naye kule Chicago, angekwenda mahali pake na kupiga video kama mtalii yeyote. Josias alikubali, ila kwa sauti ambayo mkewe hakuipenda. Alisema amechoka kuwakimbia watu ambao ndio wangepaswa kumkimbia yeye.

Jumapili ikafika. Élisabeth aliwadanganya wanawake kwamba mtandao umekatika, Grâce akanuna, wakatawanyika. Alikaa peke yake na simu, Peguy akiwa hewani upande wa pili. Peguy aliipitisha kamera polepole: dirisha la tiketi, familia zinakula, wanaume wawili kwenye benchi, watoto. Halafu ukingo wa gati, na kofia ya kijani. Alikuwa amekuja. Peguy aliunasa uso wote.

"Inatosha, Peguy," Élisabeth alisema. "Toka hapo sasa."

Peguy hakutoka, kwa sababu alikuwa amemwona Josias. Josias alikuwa anakuja katikati ya watu, mikono mitupu, moja kwa moja mpaka mbele ya yule mtu. Akasimama, akaanza kusema. Maneno hayakusikika.

Yule mtu hakushtuka. Alitazama nyuma ya Josias, kwenye benchi, akainamisha kichwa mara moja kama anayetoa ishara. Wale wanaume wawili wakainuka, wakamjia Josias kwa nyuma.

"Peguy, kimbia. Mwambie ageuke."

Peguy alikuwa na mke na watoto kule, na hakukimbia kuelekea kwa Josias. Picha ilishuka. Élisabeth aliona sakafu ya gati, na viatu vya Peguy vinarudi nyuma, hatua kwa hatua, huku muziki wa gurudumu ukipiga na watoto wakicheka. Aliendelea kumwita mumewe kwa sauti yake yote, ndani ya saluni tupu, mpaka watu wa mtaani wakaja kugonga mlango.