Nusu ya Maneno ya Daktari

Dhanlaxmi alimwongezea mumewe blanketi la tatu, na bado Jagdish alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Chini, dukani, wateja waliotoka Itumbe walikuwa wakibishana bei ya vitambaa.

"Ni kawaida, Ba," alisema Vivek, mwana wao, akimwita mama yake kwa Kigujarati. "Daktari alisema homa itakuja. Ini limechomwa, lazima mwili ulalamike."

Kawaida! Neno hilo alikuwa akilisikia tangu watoke London. Jagdish alikuwa na uvimbe wa saratani kwenye ini, na moyo wake haukuweza kustahimili upasuaji. Basi madaktari wa huko walimpenyeza sindano hadi katikati ya uvimbe, wakapitisha umeme, wakauunguza kwa joto. Vivek ndiye aliyewatafsiria Kiingereza chao. Hakuna kisu, aliwaambia, na baada ya siku chache mtu anarudi kwake. Dhanlaxmi alimshukuru Mungu.

Sasa Jagdish alikuwa ameshika ubavu wa kulia, akilia kama mtoto.

"Mwite dereva Machogu alete gari," Dhanlaxmi alisema.

"Ba, tungoje kidogo..."

"Nimesema mwite!"

Hospitalini, Daktari Persis aliwapokea mwenyewe. Alimpima Jagdish kwa mashine ya picha, kisha akauliza, "Mama Vivek, mzee ana sukari?"

"Ana, miaka mingi."

"Hapo walipochoma pamefanya usaha. Wenye sukari wako hatarini zaidi. Huko hawakuwaonya?"

"Hawakusema kitu!"

Vivek aliinamisha kichwa. Dhanlaxmi akamwona.

"Walisema nini, Vivek?"

"Walisema joto linaweza kuunguza utumbo, au mfereji wa nyongo. Na kwamba panaweza kuoza. Homa ikipita wiki moja, tumkimbize hospitali. Niliogopa mtakataa. Na homa ilipozidi wiki hiyo, niliogopa kusema. Bila matibabu angekufa, Ba."

"Na hapa anafanya nini? Anacheza?" Mkono wa Dhanlaxmi ulikuwa tayari hewani kumpiga, Persis akaudaka. "Mimi nikimkanda, nikimpa uji, nikimwambia vumilia, ni kawaida! Umenitia uongo kinywani, nikamlisha baba yako!"

Walimwekea Jagdish mrija ubavuni, usaha ukatoka, mzito, wenye harufu iliyojaza chumba. Homa ikashuka polepole. Jagdish alipopata nguvu ya kusema, Dhanlaxmi alimweleza yote, wala hakupunguza neno.

Jagdish alimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni na chombo cha chakula.

"Ningekubali," alisema. "Wangeniambia yote hayo, ningekubali vilevile. Lakini ningekubali mimi."

Vivek akaanza kulia. Dhanlaxmi alimpokonya chombo, akaketi, akaanza kumlisha mumewe. Hakumwambia mwanawe aingie. Daktari Persis alipopita, Dhanlaxmi alimwita kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa wodi:

"Daktari, njoo utueleze yanayofuata. Na uanze na yale mabaya."