Bibi Aliyeharibiwa na Majirani

Bwana Makochi alikuwa amepiga magoti nyuma ya sofa, misumari midogo imemjaa mdomoni, akikaza kitambaa cha chini, mama yake alipoingia dukani. Mama yake alikuwa amekufa tangu mvua zilizopita. Alivuta kiti chake cha siku zote karibu na cherehani, akavua viatu, akaomba chai. Bwana Makochi alitema misumari kiganjani, akamwamkia, kisha akamwambia mkewe asibane sukari, maana marehemu hakuwa tena na sababu ya kuogopa kisukari.

Bibi, kama walivyomwita wote mtaani, alikuwa na desturi ya kuja. Alikagua mishono, akalaumu sponji za siku hizi, akamchukua mjukuu wake shuleni, kisha akarudi alikolazwa. Duka alilianzisha yeye, na watoto wake wawili aliwalea humo humo, baina ya mbao na pamba. Aliwafunza mambo mawili: kushona mshono usioonekana, na kuwajua "wale".

"Wale" walikuwa watu wa rangi nyingine. Waliishi mji huo huo, wakachota maji bomba lile lile na kuugua malaria ile ile, lakini familia haikuwa na jina jingine la kuwaita. Mteja wa rangi ya nyumbani alipotaka kujaribu sofa, sofa ilivuliwa nailoni ya kukinga vumbi ili akae vizuri. Wale walikalia nailoni. Sheria hiyo haikubandikwa ukutani; ilinyonywa pamoja na maziwa. Bwana Makochi mwenyewe alipenda kusema kwamba hana ubaguzi hata chembe, na alisema hivyo hasa wale walipokuwa wameshatoka.

Siku hiyo Bibi alikuja na neno.

"Mruhusu mdogo wako aolewe," alisema.

Mdogo wake ndiye aliyeshona foronya za mito, na kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake walimwita Sindano. Alikuwa amechumbiwa na fundi wa lifti, na fundi alikuwa mmoja wa wale. Walijuana Sindano alipokwama na mito yake ndani ya lifti ya jengo la ofisi, naye fundi akaufungua mlango kwa nguvu na kumvuta nje kwa mkono. Sindano alimshukuru. Wakati anashukuru, mkono wake ulikuwa ukijifuta kwenye sketi, wenyewe, kama ulivyofunzwa. Aliutazama kwa aibu.

Fundi aliuona. "Usijali," alisema. "Wangu nao umelelewa. Ndiyo maana nimeutia mfukoni."

Tangu hapo walionana mara nyingi, kila mmoja akiukanya mkono wake, mpaka mikono ikaacha.

"Mama," Bwana Makochi alisema, "nani kakutuma?"

Hakutumwa na mtu. Makaburi ya mji yalikuwa yamejaa, na manispaa siku hizi ilizika watu kwa kadiri walivyofika, bila kuuliza rangi. Bibi alilazwa ubavuni mwa mama yake fundi wa lifti. Mwanzoni alimpa mgongo. Lakini mgongo nao huchoka, na kule hakuna chumba cha kuhamia. Siku moja yule mama akamwuliza kama naye anasikia baridi upande wa miguu. Wakaanzia hapo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema. Bibi ulimwengu ulimshindwa, akafunzwa na ahera.

"Ni kijana wa heshima," Bibi alisema. "Mamake kanieleza habari zake zote, tangu alipoota meno."

"Labda wamekulisha kitu huko," mke wa Bwana Makochi alisema kwa upole.

"Huko hatuli."

Bwana Makochi aliweka nyundo chini. "Mama, nilipokuwa mdogo nilikunywa maji kwenye kikombe cha mtoto wao. Unakumbuka ulivyonifanya?"

"Nilikuchapa. Halafu nikakisugua kinywa chako kwa sabuni."

"Nililia mchana kutwa."

"Nilikukosea, mwanangu."

"Hukunikosea." Sauti yake ilikuwa imelainika, kama ya mtu anayekumbuka zawadi. "Ulinilea. Usije sasa ukanilea upya, nina mvi."

Bibi alikunywa chai yake hadi ikapoa. Aliwajua watoto wake. Mshono huo aliushona yeye, na hakuona pa kuanzia kuufumua.

Familia ilikaa, ikakubaliana kwamba mama yao ameharibiwa na majirani. Hawakumfukuza, maana wao ni watu wenye adabu. Chai yake iliendelea kumiminwa. Ila kila alipolianza lile neno, mke wa Bwana Makochi aliongeza sauti ya redio, na mtoto wao, msichana anayejifunza kusoma, alifundishwa kuziba masikio na kuimba.

Sindano aliolewa katika ofisi ya serikali. Upande wake alikuja Bibi peke yake, ameshikana mkono na mama wa bwana harusi, wote wawili na udongo kidogo kwenye pindo za nguo. Upande wa fundi, kati ya walio hai, alikuja mjomba mmoja, akakaa kwa kutazama dirisha mpaka shughuli ikaisha. Msajili alieleza kwamba marehemu hawaruhusiwi kutia sahihi kama mashahidi. Ilibidi mlinzi wa getini aitwe.

Kesho yake Bwana Makochi alifunga duka na kutangaza kwamba dada yake amefariki. Alitangaza hivyo bila haya, na watu waliitikia bila swali. Walikuja kutoa pole, wakakalishwa kwenye makochi mazuri, wakamsifu marehemu. Hata majirani waliomwona Sindano sokoni asubuhi hiyo, akichagua nyanya, walisema amekwenda angali kijana, kisha wakaomba chai nyingine. Bibi alipita katikati yao na kikombe chake. Wakampa pole kwa kufiwa na binti.

Miezi ikapita. Alasiri moja Bibi alikuwa akimrudisha mjukuu wake kutoka shuleni, wakamkuta Sindano amesimama mbele ya duka la viatu. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Alimwona mtoto, akachutama, akafungua mikono.

"Njoo, shangazi yako nikuone," alisema.

Mtoto alisimama.

Bibi aliuachia mkono wake. "Nenda kamwamkie shangazi."

"Shangazi amekufa."

"Mimi ndiye niliyekufa," Bibi alisema.

"Najua," mtoto alisema, kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mzee jambo jepesi. "Lakini wewe ni wetu."

Sindano alibaki amechutama, mikono wazi. Mtoto alirekebisha mkoba wake mgongoni, akasogea ukingoni mwa barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama alivyofundishwa nyumbani, akavuka.