Kufuli Jekundu la Cheche

Mtambo wetu wa umeme wa maji ulijengwa uzunguke mchana na usiku bila bughudha. Siku hizi mambo yamegeuka. Jua likiwaka, umeme wa paneli za jua unatosha na sisi tunaambiwa tulale. Wingu likipita tunaamshwa. Jua likizama tunaitwa mbiombio. Chuma nacho huchoka, hata kama mabwana wa gridi, wanaogawa umeme, hawataki kusikia. Mapanga ya turbini, gurudumu linalosukumwa na maji, yameanza kufanya nyufa, kwa hiyo kila mara maji yanafungwa na mafundi wanaingia ndani kukagua na kuchomelea.

Kila anayeingia hutundika kufuli lake kwenye usukani wa valvu ya maji, ufunguo akautia mfukoni. Kufuli likiwa pale, maji hayafunguliwi, na wa kuliondoa ni mwenyewe kwa mkono wake. Utaratibu huo tulijiwekea wenyewe, na mimi ninayeendesha mtambo kutoka chumba cha udhibiti ndiye ninayeusimamia. Wananiita Kichwa Kigumu. Sikatai.

Jioni hiyo jua lilikuwa linazama na simu ya gridi haikomi. Makufuli yote yalishatoka isipokuwa moja jekundu, la Cheche, fundi wa kuchomelea, mume wa mdogo wangu. Simu yake haikupatikana. Ya mdogo wangu iliita tu bila kupokelewa.

"Huyo kashaondoka," mkuu wa zamu akasema. "Mlinzi kaiona pikipiki yake ikitoka."

"Kaiona pikipiki. Shemeji yangu kamwona?"

"Alikuwa kavaa helmeti, dada."

"Basi kaona helmeti."

Mkuu wa zamu si mtu mbaya. Mji mzima ulikuwa unamwangalia yeye, na alishika mkasi wa kukatia vyuma huku jasho likimtiririka. Nikachukua tochi nikashuka hadi kwenye tundu la kuingilia turbini, nikaita mpaka koo likakauka. Mwanga uliishia kwenye jukwaa la mbao wanalosimamia mafundi. Chini yake bomba la maji linapinda, na huko sikuona kitu. Aliyeteleza akaangukia huko asingeweza kuniitikia. Nikamfikiria mdogo wangu na tumbo lake lililofika mwezi wake.

Nikarudi juu. "Mimi sikati," nikasema. "Na wewe hukati."

Alinitazama, kisha akauweka mkasi sakafuni. "Haya, Kichwa Kigumu. Tutatukanwa pamoja."

Akaita mafundi wawili washuke kwa kamba hadi chini ya bomba, nao wakatundika makufuli yao kwanza. Walipokuwa bado wanafunga kamba, nikaona dirishani mji unazimika, mtaa baada ya mtaa.

Ndipo pikipiki ilipoingia getini kwa fujo. Cheche akaja mbio, ufunguo mkononi, anahema.

"Dada, nisamehe! Niliambiwa uchungu umemshika mke wangu, nikatoka kama kichaa. Simu ikaishiwa chaji njiani. Kufuli nimelikumbuka taa zilipozimika."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwa mkunga. Nimemwacha mkunga kauma tochi mdomoni."

Nilikuwa nimemweka mdogo wangu gizani kwa mkono wangu mwenyewe. Cheche akafungua kufuli lake, mafundi wakafungua yao, naye akarudi alikotoka bila hata kuaga.

Nilitamani kufungua maji yote kwa mpigo. Lakini mapanga yalikuwa na kovu bichi la kuchomelewa, na kuwasha kwa pupa ndiko kulikotuletea nyufa. Nikaupandisha mtambo polepole, nikiusikiliza unavyotetemeka, machozi yakinitoka mbele ya wanaume wote. Hakuna aliyenicheka. Taa zilirudi mtaa mmoja mmoja, na kila ulipowaka nilijiuliza kama ndio wa mkunga.

Zamu yangu haijaisha, mdogo wangu akapiga. Nyuma yake kichanga kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote.

"Dada, ni wewe uliyetuzimia taa?"

"Ni mimi, mdogo wangu. Kufuli la mumeo lilikuwa bado liko pale. Nilidhani yumo ndani."

Nikajikaza kungoja matusi, maana mdomo wake naujua tangu utotoni.

"Kwa ajili ya uhai wake, hata ungetuacha gizani mpaka asubuhi nisingelalamika," akasema, na sauti ikamkatika.